Mizani ya Gredi ya Tatu

Kitabu kilisema: tumieni vyuma vya kupimia.
Vyuma hatuna. Tuna soksi.
Jana niliwaambia, kila mmoja na soksi moja
isiyo na mwenzake,
na leo meza yangu imejaa miguu mitupu:
ya mpira, ya sare, ya kaka aliyekwenda Doha.
Ya Saumu ina ua, mwenyewe hataki iguswe.

Kisauni, mwezi wa tatu, bati linatoka jasho kabla yetu.
Tukashuka uwanjani kuchota mchanga
kwa viganja, kwa vifuniko, Mbwana kwa kofia yake
(mamake ataniuliza, nitajibu).
Mizani yenyewe ni hanga la waya,
vifuniko viwili vya kopo la mafuta, uzi wa kushonea magunia,
na msumari uliobaki ukutani picha ilipoanguka.

Upande huu, pakiti ya chumvi, nusu kilo.
Upande ule, soksi.
Ongeza. Punguza. Chembe, mwalimu, chembe tu!
Watoto arobaini na saba wakashika pumzi
kama waliobeba trei ya mayai ngazini.

Hapo ndipo nusu ya Kadzo ilipoanza kupanda.
Polepole. Hakuna aliyeigusa.
Riziki, ambaye husema kwanza akafikiri baadaye,
akasema ni jini.
Si jini. Ni tundu la kidole gumba,
na mchanga ukichuruzika sakafuni, mstari mwembamba,
kama unaotuambia: andikeni na hili.
Tukaandika. Madaftari yetu sasa yana neno
ambalo silabasi haina:
kuvuja.

Tsuma hakuandika.
Kusoma kwa Tsuma ni kukwea mnazi wakati wa mvua,
huteleza herufi ya tatu.
Yeye alikuwa akiizunguka meza, akipakata soksi moja moja
kiganjani, macho kafumba.
"Hii imezidi. Hii sawa. Hii bado kijiko."
Tukapima.
Imezidi. Sawa. Bado kijiko.

Darasa likanyamaza, ile namna ya kunyamaza
inayomfanya mtoto atake kujificha.
"Nani kakufundisha?"
Akatazama vidole vyake. Ncha zimeiva weusi,
weusi wa maganda ya korosho,
usiokubali sabuni wala limau.
Mamake hubangua, hulipwa kwa kilo,
tajiri yuko Kongowea,
na yeye akitoka shule huketi kando yake, hubangua.
"Mwalimu, mizani ya tajiri haina tundu,
lakini nayo huvuja."

Nilikuwa na la kusema kuhusu somo la kesho,
lita, chupa, maji.
Sikulisema.
Kengele ikalia, wakatoka mbio na mchanga viatuni,
akabaki yeye na ufagio ambao haufagii.
Akauliza kama hanga laweza kwenda kwao Ijumaa,
lirudi Jumatatu.
Ni mali ya shule, nikawaza.
Kisha nikaitazama hiyo mali ya shule.
Nikamfungia kwa gazeti, pamoja na ile chumvi.

Jumamosi sikulala vizuri.
Niliona hanga limekunjwa, niliona mama amefukuzwa kazi
kwa ajili ya somo langu la vipimo.

Jumatatu alifika kabla ya mlinzi.
Uzi wa gunia haupo, pana kipande cha leso ya zambarau,
kimesokotwa vizuri kuliko changu,
na kifuniko kimoja kinanuka moshi.
Chumvi imerudi, haikufunguliwa.
Ndani ya gazeti, korosho saba.
"Mama asema ahsante.
Asema kila kilo, walikuwa wakimla robo."

Akaenda dawatini, akafungua daftari,
akaanza kuandika, ulimi nje,
r,
o,
na nilipopita nyuma yake
sikumsaidia.